Mrejesho: picha nilizoziacha dukani kwa mali kauli

Ndugu zangu, niliwahi kuomba ushauri baada ya duka moja la sanaa hapa Kampala kukaa miezi saba na picha zangu 14, nilizochora juu ya kitambaa cha magome ya mti wa mutuba na kuziacha kwa mali kauli, yaani nilipwe zikishauzwa, bila maandishi yoyote. Nilifuata mlichonielekeza: niliandika barua yenye orodha na bei ya kila kazi, nikaweka tarehe ya mwisho, kisha nikaeleza kwamba dai lisilozidi shilingi milioni 10 husikilizwa mahakamani kwa utaratibu wa madai madogo. Baada ya siku tisa nililipwa fedha za picha sita na kurudishiwa nane, ingawa mbili zilikuwa zimeota ukungu, jambo lililoniuma kuliko kucheleweshewa malipo.

Sasa siachi kazi kabla mwenye duka hajatia saini karatasi inayosema kwamba picha ni mali yangu hadi inunuliwe, kamisheni yake ni kiasi gani, nitalipwa lini, na nani atabeba hasara ikiibwa au ikilowa. Duka moja la Jinja lilikataa kipengele hicho cha mwisho, nami nikarudi na mzigo wangu.