Riwaya ya Eragon: huyu kijana alijifunza lini? Karibuni tujadili

MLETA MADA

Wadau wa vitabu, salaam. Naleta kwenu riwaya niliyoimaliza juzi, nikaifunga kwa huzuni: Eragon ya Christopher Paolini. Kwa asiyeijua, Eragon ni kijana wa shambani, umri wake miaka 15. Anaokota jiwe la buluu mlimani, kumbe ni yai la joka. Linaanguliwa joka jike, analiita Saphira. Watumishi wa mfalme Galbatorix wanafika kulisaka, mjomba wake Garrow anapoteza maisha, na kijana anashika njia pamoja na mzee Brom, msimulizi wa hadithi pale kijijini. Huyo ndiye anayemfundisha upanga na sihiri.

Nimechagua neno sihiri kwa makusudi. Nikisema uchawi, mawazo yatakwenda kwa mtu anayewanga usiku, na sihiri ya kitabu hiki ni elimu: kila kitu kina jina lake katika lugha ya kale, na anayelijua jina ana uwezo juu ya kitu hicho.

Hoja yangu ni hii. Kitabu kinaahidi uanagenzi, kisha kinauruka.

Nilikuwa saidia fundi wa useremala huko Keko, Dar es Salaam, kwa miaka miwili. Miezi ya mwanzo randa sikuigusa. Nilifagia maranda, nilishikilia ncha ya pili ya ubao, nilinoa patasi hadi vidole vikafa ganzi. Siku niliyoruhusiwa kuchonga tundu langu la kwanza kwenye mguu wa meza, nililipanua kwa unene wa ukucha tu, na mguu wa mninga ukawa kuni. Fundi hakunitukana. Aliuchukua ule mguu akausimamisha mbele ya sehemu yangu ya kazi, ukakaa hapo mwezi mzima nikiutazama. Hadi leo nikishika rula, naukumbuka.

Sasa mtazameni Eragon. Vita vya kwanza vya sihiri anavishinda kwa neno moja, brisingr, yaani moto, alilolisikia kwa Brom. Analipiga kelele akiwa hatarini, adui wawili wanakufa. Ndiyo, anaishiwa nguvu, lakini anabaki na uwezo ambao hakuutolea jasho. Upanga anauzoea kwa kupigana fimbo na Brom jioni baada ya safari, na miezi michache baadaye anasimama mbele ya watu waliozaliwa na panga mikononi. Brom anafariki kitabu kikiwa bado kirefu, na mwanafunzi anaendelea kushinda kana kwamba mwalimu alikwisha kumaliza kazi. Mwishoni anamuua Durza, adui ambaye tumeambiwa kwamba hauawi kirahisi.

Linganisheni na riwaya ya Ursula K. Le Guin ya mwaka 1968, A Wizard of Earthsea. Msingi wa sihiri yake ni huohuo, majina ya kweli. Kijana Ged anatembea na mwalimu wake Ogion siku nyingi bila kufundishwa hata neno moja la nguvu. Anapouliza uanagenzi wake utaanza lini, anajibiwa kwamba umekwisha kuanza. Baadaye, akiwa chuo cha sihiri, anapelekwa kwenye mnara wa kukariri majina, ambako wino wa orodha unafutika usiku wa manane, na asiyekariri ndiyo basi. Na anapofanya sihiri kwa majivuno ili amshinde mwenzake, anafungulia kivuli kinachomrarua uso, na mkuu wa chuo anakufa kwa kuufunga mlango ule. Kile ndicho kitabu cha mwanagenzi. Mnasemaje?

MAMA WA WAWILI

Kaka, shikamoo kwa fundi wako, lakini hapa umemwonea mtoto. Paolini alianza kuiandika hadithi hii akiwa na miaka 15, huko Montana, Marekani, naye alikuwa amesomea nyumbani. Wazazi wake waliichapisha wenyewe mwaka 2002, naye akawa anazunguka shule na maktaba kuitangaza. Kampuni ya uchapishaji ya Knopf iliichukua mwaka 2003. Nani kati yetu alimaliza hata insha ndefu akiwa na umri ule?

Na kuna jambo la nyumbani kwangu. Kijana wangu alikuwa hagusi kitabu. Hiki alikibeba mpaka kwenye daladala. Ungempa orodha za majina na mwalimu asiyesema kitu, angekirudisha siku hiyohiyo. Wewe ulifika kwa fundi ukiwa na njaa ya kazi. Mtoto kwanza aitamani meza, kisha utamfundisha kunoa patasi.

MLETA MADA

Dada, kuhusu kijana wako nimenyamaza, hilo ni jema na halina mjadala. Kuhusu umri ndipo sikubali. Mwandishi alikuwa mdogo, ila kitabu kilipita mikononi mwa wahariri, watu wazima wenye kazi yao. Wao ndio fundi. Wangemwambia, hapa umekimbia, rudi. Kumsifu mwanagenzi kwa sababu tu ni mdogo ni kumnyima mafunzo.

KIJANA WA CHUO

Mimi kilinichosha kwa sababu nyingine. Kijana wa shambani aliyelelewa na mjomba, mzee mwenye siri ya zamani, binti wa heshima aliyefungwa gerezani, milki katili: haya tuliyaona kwenye filamu ya Star Wars ya mwaka 1977. Nilikuwa nabashiri kurasa kabla sijazifungua.

Ila mkuu mleta mada, kwenye bei ya sihiri hukuwa mwadilifu. Kanuni imeelezwa wazi: kazi ifanywayo kwa neno inakula nguvu ileile ambayo ingeliwa kwa mkono. Ukitumia sihiri kuinua kitu kinachokuzidi, unakufa. Na Brom alimpa kokoto moja akamwambia ainyanyue kwa maneno, kijana akahangaika nayo kwa saa nyingi. Hilo si darasa?

MWALIMU MSTAAFU

Wanangu, naomba nami niseme kidogo. Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote, hivyo lazima nitafika kwenye sarufi.

Kuhusu kuiga, kijana, usiwe mkali sana. Ngano tulizosimuliwa na bibi zetu zina yatima, zina kizee wa njiani anayeomba maji, na tulijua atamsaidia yatima kabla hajafungua kinywa. Hatukusema bibi ameiba. Tulisikiliza anavyoipeleka.

Mleta mada, nadhani umelipita jambo kubwa kuliko yote. Karibu na mwisho Eragon anaombwa ambariki mtoto mchanga, yatima. Anatunga maneno katika lugha ya kale akikusudia mtoto akingwe na mabaya. Anakosea umbo la neno moja. Kitabu cha pili, Eldest cha mwaka 2005, ndicho kinachofichua: hakusema mtoto akingwe, alisema mtoto awe kinga. Mtoto yule, Elva, anakua kuliko umri wake, na maumivu ya watu walio karibu yanamwingia yeye.

Mkisoma kwa Kiswahili jambo hili linauma zaidi. Ukingwe, ukinge. Herufi moja, w. Ile alama ndogo ya kutendwa ambayo nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu maelfu ya mara, na wanafunzi wakanung'unika kwamba mwalimu anatafuta makosa. Kijana huyu aliidondosha, na mtoto mzima akageuzwa ngao. Sijui riwaya nyingine ya sihiri iliyoipa sarufi uzito kama huo. Utasemaje kwamba hakuna uanagenzi?

MLETA MADA

Mwalimu, shikamoo. Nimeirudia sura hiyo usiku nikaisoma mara mbili. Na wewe kijana wa chuo, la kokoto nalikubali, nililipita haraka.

Lakini mwalimu, tazama jinsi kitabu cha kwanza kinavyoishika ile baraka. Eragon anaitamka, watu wanafurahi, anaondoka akijisikia vizuri. Msomaji naye anaondoka akijisikia vizuri. Elva ndiye mguu wangu wa mninga, na hakuna aliyeusimamisha mbele ya kijana. Anayefanya hivyo ni Oromis, mwalimu wake wa kitabu cha pili. Nimenunua kitabu kimoja, nikakisoma hadi ukurasa wa mwisho, na kosa kubwa kuliko yote likauzwa kwangu kama ushindi.

MWALIMU MSTAAFU

Marahaba mwanangu. Hapo ndipo tunapotofautiana, na nadhani ni kwa sababu ya kazi zetu. Ubao ulikwambia palepale. Uliingiza mguu, ukacheza, ukajua. Neno halichezi. Linatoka kinywani likiwa zima, na aliyelikosea analala usingizi. Nina barua niliyomwandikia mzazi mmoja nikiwa bado kijana kazini, nikijua nimeandika kwa upole. Nilikuja kuelewa alivyoisoma baada ya miaka, mtoto wake alipokwisha kuacha shule. Kwa hiyo kijana anayebariki kimakosa na kuondoka na furaha, kwangu ndiye mwanagenzi wa maneno ninayemfahamu.

MAMA WA WAWILI

Mwalimu, pole. Sikutegemea mjadala ungefika hapa.

MLETA MADA

Pole sana mwalimu, na asante kwa kutuambia. Kuhusu Elva nashusha hoja yangu. Kuhusu upanga bado: mkono unajifunza kama ubao unavyofundisha, palepale na kwa maumivu, na miezi ile michache haitoshi. Jumamosi nitakwenda maktaba kuuliza kama wana Eldest. Nataka kumsikia Oromis anavyomwambia.