Sydney 1788: matofali walitoa wapi?

Wakuu, wale wafungwa wa Uingereza walioshushwa Sydney 1788, matofali ya kujengea walitoa wapi, walikuja nayo melini ama?

— Mengi walifyatua hapo hapo, udongo mzuri ulikuwa karibu tu, pakaja kuitwa Brickfield Hill. Msimamizi alikuwa James Bloodworth, naye mfungwa vilevile.

— Ishu kubwa haikuwa tofali mkuu, ni chokaa. Mawe ya chokaa hakuna, ikabidi wachome makombe ya chaza na bado hayatoshi, kuta nyingi zikaungwa kwa udongo mtupu, sasa mvua ikipiga mfululizo ukuta unalainika unadondoka.

— Na usafiri je? Wanyama wa kukokota shida, mkokoteni mmoja unavutwa na watu 12, tofali 350 juu, tripu tano kwa siku. Yani punda ni wewe mwenyewe aisee