Naomba ushauri: kupata walowezi wa mwanzo wa Nicodemus, Kansas

Wakuu, naomba msaada kwa waliozoea nyaraka za ardhi za Marekani. Nachora ramani ya nani alikaa wapi Nicodemus, mji wa Weusi waliotoka Kentucky mwaka 1877. Hati miliki za serikali zipo mtandaoni, ila zinapotosha: sheria ya 1862 ya kugawa ardhi ya serikali kwa walowezi (Homestead Act) ilitoa hadi ekari 160, na hati ilipatikana baada ya kukaa na kulima miaka 5. Aliyeondoka baada ya baridi ya kwanza, walipoishi kwenye mashimo ya kuchimba ardhini, hayumo kabisa. Sensa ya 1890 ndiyo hiyo tena, karibu yote iliharibiwa na moto wa 1921. Ya jimbo ya 1885 inataja mtu alitoka wapi kuja Kansas, lakini haisemi shamba lake lilikuwa kipande kipi.

Je, daftari za vipande (tract books), yaani za ofisi ya ardhi zinazoonyesha hata maombi yaliyofutwa, zinasomeka kwa picha za microfilm, au niagize jalada la kila mwombaji? Na kwa kuwa kaunti ya Graham, ulipo mji huo, ilianza kuwa na serikali yake 1880, mauzo ya viwanja vya mjini kabla ya hapo niyatafute kaunti gani? Ramani za baada ya 1888 sizitaki. Mwaka huo reli ilipita kusini mwa mto Solomon bila kufika Nicodemus, maduka yakahamia mji jirani wa Bogue.