Boti za wageni Watamu: zizuiwe kuingia Mida au ziachwe?

Mwana_Mida: Jamani tuongee hili bila matusi. Kaskazi ikitulia boti za kuvulisha wageni zinatoka Watamu alfajiri kufuata sulisuli na nduaro, wale samaki wakubwa wa mdomo mrefu, huko nje, hilo halina shida. Shida ni hawa wanaoingiza wageni ndani ya hori la Mida mpaka kwenye mikoko kutafuta kolekole na tengesi, wanapiga picha wanarudisha, na maji ni yale yale ya wazee wa mshipi na wavua kaa. Mimi nasema wabaki nje ya mwamba. Nyinyi je?

Kijana_wa_sitaha: Hapo kwa picha umeongea kama hujawahi kupanda boti. Sulisuli hatumpandishi, tunamshika ule mdomo na glavu ubavuni mwa boti, nahodha anasogeza pole pole maji yapite kwenye mashavu mpaka apige mkia mwenyewe. Akitiwa tegi, kile kibandiko cha namba, pale mgongoni, namba inapelekwa African Billfish Foundation, shirika la kufuatilia samaki hao, hapo hapo Watamu. Na kazi hiyo ndio inalipa karo ya watoto wangu.

Bint_Gede: Ati mnamchoma mgongoni halafu mnajiita wapole? Kiumbe wa Mungu anavutwa mpaka achoke ili mtu afurahi, hata haliwi! Kwetu samaki ni kitoweo, huko ni kuchezea riziki.

Kijana_wa_sitaha: Dada, sulisuli akichinjwa ni pesa ya siku moja, akiachwa hai mgeni mwingine atakuja mwakani na atalipa. Mbona hamuulizi juya, ule wavu wa kukokota, linabeba vitoto vingapi?

Mshipi_tu: Juya la nani? Sema wazi! Kila tukiongea habari za bahari lazima mvuvi mdogo atupiwe juya, na juya limepigwa marufuku tangu 2001, wengi wetu tuna mshipi na malema ya kutegea samaki basi. Parki ilitangazwa 1968, ndani hatutupi hata ndoana, tukabakiwa na rizavu ambayo Mida ndio imo, tunaruhusiwa kuvua kwa njia zetu za asili. Leo mwenye injini mbili aniambie mimi ndiye namaliza samaki?

Kijana_wa_sitaha: Sijakutaja wewe mzee wangu. Lakini juya lipo na sote tunajua linatoka saa ngapi.

Mshipi_tu: Kama unajua karipoti BMU, kamati ya wavuvi ya ufuo, usitupake sote.

Mwana_Mida: Mmeliacha swali. Mida maji yakitoka mkondo unabaki mwembamba, boti ikipita kwa kasi wimbi linapindua malema na kugonga mitumbwi, na kwenye mizizi ya mikandaa ndio vitoto vya changu na tewa vinakulia kabla havijatoka kwenda mwambani. Mkivuruga pale hata huko nje mtakosa.

Kijana_wa_sitaha: La kasi naliunga mkono, KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia parki, waweke kikomo cha mwendo na kifuatwe. Kufungiwa kabisa sikubali, kuna vijana wa Dabaso wanapeleka wageni kwa mtumbwi wa kasia, nao mtawafukuza?

Mwana_Mida: Wa kasia wabaki. Nasema injini.

Mshipi_tu: Na kabla ya kikomo wakae na sisi kwanza, wasitupangie ofisini.

Bint_Gede: Mimi bado sijajibiwa. Huyo samaki anayechomwa mgongoni, mnajuaje hafi mkishampa kisogo?