Wakuu, nipeni historia ya Marseille fastafasta, Jumapili naenda ukweni

Mwana wa Barabara ya 12: Wakuu salaam. Naishi Ufaransa mwaka wa sita sasa. Nina mchumba, Mngazija wa Marseille, na Jumapili naenda kwao kujitambulisha. Baba yake hana mazungumzo mengine zaidi ya Olympique de Marseille. Anayeijua hii timu anipe ya msingi nisiumbuke. Usingizi sipati.

Kipa wa Akiba: Ilianzishwa 1899, uwanja ni Stade Vélodrome. Enzi ya rais wa klabu Bernard Tapie ndiyo yenyewe: ubingwa 1989 hadi 1992 mfululizo, kina Papin na Waddle. 1991 walifika fainali ya Ulaya kule Bari, wakafa kwa penalti mbele ya Red Star. 26 Mei 1993, Munich, wakamchapa AC Milan 1-0, kona ya Abedi Pele, kichwa cha Basile Boli. Klabu ya kwanza ya Ufaransa kubeba kombe hilo. Neno "wa kwanza" likariri kama namba ya simu ya mchumba.

Mama Wawili: Mwanangu, si useme tu mpira huujui? Mume wangu alijifanya Yanga kwa baba. Siku Simba imeshinda akaenda kushangilia chooni, sauti ikafika sebuleni. Ndoa ina miaka 19, mzee bado anamwita "yule wa chooni".

Mwana wa Barabara ya 12: Haiwezekani Mama. Nilishamwambia kwenye simu mimi ni OM tangu utotoni.

Kipa wa Akiba: Na timu yako hasa ni ipi? Mbona unazungukazunguka?

Mwana wa Barabara ya 12: PSG.

Ticha wa Zamu: 😂😂 PSG! Timu ya Paris, mahasimu wa OM! Marseille! Bora ungekwenda kuposa mikono mitupu.

Mwana wa Barabara ya 12: Nimalize basi. 2025 tulipompiga Inter 5-0 nilichora tatuu. Mnara wa Eiffel, begani hadi kiwikoni. Ila nimeshanunua jezi ya OM ya mikono mirefu, jina la Boli mgongoni. Mchumba anajua na karidhia. Sasa ubaya uko wapi?

Mtaka Haki: Tatuu kosa la kwanza, kumdanganya mkwe la pili. Unaomba binti wa watu huku umejifunika kama mwizi. Toba kwanza, mpira baadaye.

Sukari Guru: Hii chai wakuu. Mwezi uliopita mleta uzi alikuwa Muscat anauza vipuri.

Mwana wa Barabara ya 12: Yule ni kaka, tunatumia akaunti moja. Chai wapi? Mzee mwenyewe kaniambia alikuwa jukwaani Vélodrome Boli alipopiga kile kichwa, akalia kama mtoto.

Sukari Guru: Umejikaanga. Fainali ilikuwa Munich! Ukitunga, tunga na ramani.

Ticha wa Zamu: Au mkwe ndiye anatunga. Mtaivana.

Kipa wa Akiba: Punguzeni haraka. Siku tatu baada ya Munich, 29 Mei, OM waliikaribisha PSG Vélodrome kwenye ligi, wakashinda 3-1, na Boli akafunga tena kwa kichwa. Wapo Wamarseille wanaolipenda goli lile kuliko la fainali. Mzee anasema hilo. Tatizo ni kwamba ubingwa wa msimu ule ndio walionyang'anywa. Wachezaji wa timu ya Valenciennes walihongwa na watu wa OM walegeze mechi ya 20 Mei, mmoja wao, Jacques Glassmann, akakataa na kusema hadharani, faranga 250,000 zikaja kufukuliwa bustanini. Kombe la Ulaya lilibaki kwao, lakini wakazuiwa kulitetea, 1994 wakashushwa daraja, Tapie akaishia gerezani. Mzee akifika kwenye goli lile, wewe sikiliza. Valenciennes usiitaje.

Sukari Guru: Sawa, hapo umenyoosha. Ila picha ya tatuu iwekwe.

Mwana wa Barabara ya 12: Mkuu Kipa ubarikiwe. Picha siweki, mashemeji wasije wakaiona.

Mama Wawili: Na mkikaribishwa uoge kabla ya chakula, jezi utavulia wapi?

Mwana wa Barabara ya 12: Nimeshauliza. Bafu lao lina komeo.

Mama Wawili: Hata choo chetu kilikuwa na komeo.