Nchi zinazoendelea ziendelee kukopa kwa dola? Tujadili

MLETA MADA:
Wadau, naomba tulijadili hili kwa hoja sio ushabiki. Serikali inakopa dola kujenga barabara na kusambaza umeme, afu bili na tozo zote zinalipwa kwa pesa ya nyumbani, ila mkopeshaji anataka dola zake. Sarafu yako ikipoteza nusu ya thamani, deni lile lile kwa pesa ya nyumbani linakuwa mara mbili na hujakopa hata senti ya ziada. Hata serikali isiyo na fisadi hata mmoja hili linaikuta.

Thailand mwaka 1997 makampuni na mabenki yalikuwa yamebeba mikopo ya dola kwa kuamini sarafu yao, baht, itabaki kwenye 25 hivi kwa dola, mwezi wa saba serikali ikashindwa kuilinda, na Januari 1998 ikawa imepita 50. Zambia iliuza Yurobondi yake ya kwanza (hatifungani, yaani hati ya mkopo, inayouzwa kwa wawekezaji wa nje kwa dola) 2012, dola milioni 750 kwa riba ya 5.375%, watu wakashangilia, baadae ikaongeza nyingine na nyingine, shaba inayoiingizia dola ikashuka bei, sarafu yake kwacha ikaporomoka, Novemba 2020 ikashindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5, na kumalizana na wenye hatifungani ikachukua mpaka katikati ya 2024. Miaka yote hiyo mwekezaji gani anaweka pesa sehemu ambayo deni halijulikani litaishia wapi?

Na bei ya hizo dola haipangwi na wewe. Kuanzia Machi 2022 mpaka Julai 2023 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 5, inapambana na mfumuko wa bei wa kwao, na ndo maana Kenya ilipotafuta pesa ya kulipia Yurobondi yake ya 2014, Februari 2024 ikakubali riba ya 9.75%.

Msimamo wangu: dola za soko la biashara, kama hizo za Yurobondi, zikopwe kwa mradi unaoingiza dola tu, mengine yote tukope kwa sarafu yetu.

MCHANGIAJI:
Mkuu hapo nakupinga. Serikali ikihamia soko la ndani mabenki yananunua dhamana zake (hati za mkopo wa serikali) yanakaa yanakula riba bila jasho, mfanyabiashara mdogo akienda kuomba mkopo anakosa au anapewa kwa riba ya kumuua kabisa. Na Ghana je? Desemba 2022 hawakusimamisha kulipa deni la nje tu, na hatifungani za ndani waliwataka watu wabadilishe kwa zenye riba ndogo na muda mrefu, mpaka wastaafu wakaenda kuandamana wizara ya fedha. Hilo ndo deni la ndani unalotupigia debe. Afu mitambo inanunuliwa kwa dola, utailipia na nini?

MLETA MADA:
Hoja ya wastaafu ni nzito na inauma, ila Ghana ilifika pale ikiwa na madeni yote mawili, na sarafu yake cedi ilipoporomoka mwaka ule yale ya dola yakavimba kuliko bajeti inavyoweza kubeba. Mitambo sawa, ila kuna mikopo nafuu kama ya IDA, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha nchi maskini, unalipa kwa zaidi ya miaka 30 na riba kidogo sana, hiyo siikatai kabisa. India serikali kuu haijawahi kuuza hatifungani ya dola nje, 2019 walitangaza wazo hilo kwenye bajeti wakaliacha. Gharama ipo, benki zao zinalazimika kisheria kuweka sehemu ya amana kwenye dhamana za serikali kwa hiyo hapo kwenye mikopo midogo uko sahihi, ila rupia ikishuka deni la serikali halilipuki.

Ninachotaka kiwe sheria ni kidogo tu: kabla bunge halijapitisha mkopo wa dola, serikali iandike dola za kurudisha zitatoka mradi gani na mwaka gani. Kama jibu ni "tutakopa tena" mkopo usipite. Wewe hilo nalo unalipinga?