Marejeo ya tasnifu: mashine imevunja jina la TATAKI

Binti wa Kihonda: Habari zenu wakuu. Nina siku nne kabla ya kukabidhi tasnifu. Nimetumia tovuti moja ya bure kupanga marejeo kwa mtindo wa APA, na jana usiku nikakuta Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) imeandikwa "Kiswahili, T. Y. T. Z."! Taasisi imegeuzwa mtu. Nina vyanzo 86, siwezi kuandika vyote upya. Naombeni msaada, nimechoka kweli.

Mzee wa Maktaba: Pole mwanangu. Pakua Zotero, programu ya kupanga marejeo, ni ya bure. Ingiza ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, nayo itajaza taarifa za kitabu. Kikikosekana, jaza kwa mkono. Jina la taasisi lina dawa yake: kando ya nafasi ya mwandishi kuna kitufe kidogo, kibonyeze ili nafasi mbili za jina ziwe moja. Andika jina zima humo. Halitakatwa tena.

Juma_Tz: Ukiiunganisha na Word, ukirekebisha jina mara moja bonyeza Refresh, linabadilika kote. Ila usipakie PDF zote mtandaoni, nafasi ya bure ni MB 300 tu.

Binti wa Kihonda: Shikamoo Mzee, limekaa sawa! Juma, asante sana. Nimeshahamisha 31. Kila moja nalilinganisha na ukurasa wa hakimiliki wa kitabu chenyewe, maana mwaka mmoja ulikuwa wa toleo jingine kabisa.

Mzee wa Maktaba: Marahaba. Hapo umefanya la maana.